Panchanga ya Nakuru Ihesabiwe Nakuru

Msikilizaji, tarehe 1 Novemba 2024, saa 9:47 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, mwezi ulifika upande ule ule wa anga lilipo jua, ukapotea machoni pa watu wote wa dunia, na mzunguko wake mpya ukaanza. Tukio lile lilikuwa moja. Halikuwahi Delhi wala halikuchelewa Nakuru. Tofauti ilikuwa kwenye saa za ukutani tu: zetu zilisoma saa 9:47 alasiri, za India zikasoma saa 12:17 jioni. Lakini tofauti hiyo ya saa mbili na nusu ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. India mwaka ule wanajimu, makuhani na watunga kalenda walibishana kuhusu Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kama ni usiku wa tarehe 31 Oktoba au usiku wa tarehe 1 Novemba, na mabishano ya namna hiyo huvuka bahari upesi, kwa simu na kwa kalenda za ukutani. Hoja yangu leo ni kwamba kwa aliyekuwa Milimani, hapa Nakuru, chini ya mteremko wa Menengai, hapakuwa na la kubishania. Jibu lilikuwa moja, na lilipatikana kwa kufuata kanuni ya kalenda ya Kihindu yenyewe, si kwa kuikiuka.

Saa zote nitakazozitaja ni za Kiswahili, zile zinazoanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Nafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu hesabu yetu ina undugu na hesabu ninayotaka kuieleza. Kwa kalenda ya Wahindu, siku haianzi usiku wa manane. Huanza jua linapochomoza mahali ulipo, na hudumu hadi jua linapochomoza tena. Mtoto aliyezaliwa saa 9 usiku wa kuamkia Jumatano, kwa hesabu hiyo, amezaliwa Jumanne.

Turudi kwenye Diwali, maana ndipo ushahidi ulipo wazi zaidi. Sherehe hiyo huangukia Amavasya, siku ya giza la mwezi, na ibada ya mungu wa kike Lakshmi hufanywa mara baada ya machweo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: ni machweo ya siku gani yalikuta Amavasya ikiendelea? Amavasya ile ilianza tarehe 31 Oktoba saa 9:52 alasiri kwa saa za India, yaani saa 7:22 mchana kwetu, ikaisha kesho yake mwezi ulipokutana na jua. Delhi, jua la tarehe 1 Novemba lilitua saa 11:36 jioni, na Amavasya ilikuwa imebakiwa na dakika 41. Basi kule Amavasya moja ilikuta machweo mawili, ya tarehe 31 na ya tarehe 1, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo la Gujarat, uko magharibi zaidi. Jua lilitua kule saa 12:02 jioni, na Amavasya ikabakiwa na robo saa tu. Baadhi ya vitabu vya kanuni hudai kwamba Amavasya idumu angalau ghati moja baada ya machweo ndipo jioni hiyo ihesabiwe, na ghati moja ni dakika 24. Delhi ilitimiza sharti hilo, Ahmedabad haikutimiza. Nchi moja, saa moja ya serikali, kanuni moja, na miji miwili inapata majibu tofauti. Sasa njoo Milimani. Jua la tarehe 1 Novemba lilizama hapa saa 12:23 jioni, na kufikia wakati huo Amavasya ilikuwa imekwisha zaidi ya saa mbili na nusu. Machweo pekee yaliyoikuta ni ya tarehe 31 Oktoba. Aliyewasha taa zake Nakuru usiku wa tarehe 1 kwa kuwa aliambiwa kule Delhi ndiyo siku, aliwasha taa mwezi mpya ukiwa umeshaanza.

Kisa hicho kinaonyesha kilichojificha katika kila ukurasa wa panchanga, kalenda ambayo hutaja kila siku mambo matano: siku ya juma, tithi, nakshatra (kituo cha mwezi kati ya nyota), yoga na karana. Ukurasa mmoja hubeba nyakati za aina mbili, na aina hizo hazihamishwi kwa njia moja. Aina ya kwanza ni nyakati za anga. Tithi ni mojawapo. Kila mara mwezi unapolitangulia jua kwa digrii 12, tithi moja imekwisha na nyingine imeanza, na mwezi mzima una tithi 30. Kwa kuwa mwendo wa mwezi si sawa siku zote, tithi moja huweza kudumu saa 20 hivi au kufikia karibu saa 27. Mpito kutoka tithi hadi tithi hutokea kwa wakati mmoja duniani kote, kwa hiyo ukitaka kujua umetokea saa ngapi Nakuru, chukua saa ya India, ondoa saa mbili na nusu, umemaliza. Aina ya pili ni nyakati za ardhi, zile zinazopimwa kutoka mawio au machweo ya mahali: mwanzo wa siku, vipindi vya mchana, saa ya kufungua saumu, saa ya ibada ya jioni. Hizi haziwezi kuhamishwa kwa kutoa wala kwa kujumlisha. Lazima zihesabiwe upya kwa jua la hapa.

Wengi hukosea kwa kuzitendea aina zote mbili kwa namna moja, na kosa lenyewe huja kwa sura mbili. Chukua siku ya Juni 21. Ahmedabad, jua huchomoza saa 11:55 alfajiri kwa saa zao. Ukiondoa saa mbili na nusu unapata saa 9:25 usiku, wakati Milimani bado kuna giza totoro na jua litachomoza saa 12:34. Huo si mwanzo wa siku ya mtu yeyote wa Nakuru. Basi mwingine husema, tuache kutoa, tuzisome saa za Ahmedabad kama zilivyoandikwa. Hapo atakosea mawio kwa dakika 39, na wakati huo huo atakosea kila tithi na kila nakshatra kwa saa mbili na nusu. Hakuna namba moja itakayosahihisha ukurasa wote, kwa sababu nusu yake inazungumza juu ya mwezi na nusu nyingine inazungumza juu ya upeo wa macho wa mji mmoja wa Gujarat.

Na jua la Nakuru lina tabia zake. Mji uko kama digrii 36 na dakika 4 mashariki ya Greenwich. Saa yetu ya serikali, iliyo saa tatu mbele ya Greenwich, ni saa ya jua la longitudo ya 45, ambayo iko mbali mashariki yetu, nje kabisa ya mipaka ya Kenya. Kwa kila digrii moja jua huchukua dakika 4, kwa hiyo adhuhuri halisi ya Nakuru, jua linapofika kilele, ni kama saa 6:36 mchana kwa wastani. Nasema kwa wastani kwa sababu mzunguko wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja na mhimili wake umeinama, mambo ambayo kwa pamoja husogeza kilele cha jua mbele na nyuma mwaka mzima. Katikati ya Februari adhuhuri ya Milimani huchelewa hadi saa 6:50. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, saa 6:19. Wakulima wa Bahati na Njoro wanajua kwamba urefu wa mchana wetu haubadiliki kitu, karibu saa 12 na dakika 7 kila siku, lakini si wote wanaotambua kwamba mchana huo wote husogea kama nusu saa. Jua linalochomoza saa 12:46 katikati ya Februari huchomoza saa 12:16 mwanzoni mwa Novemba.

Sasa tazama jedwali la Rahu Kala, kipindi cha pepo Rahu wa masimulizi ya Kihindu, ambalo limesambaa kila mahali, kwenye kalenda, kwenye vijitabu, kwenye ujumbe wa simu. Kanuni yake ni rahisi: gawa mchana, toka mawio hadi machweo, katika sehemu nane zilizo sawa, na kila siku ya juma ina sehemu yake moja ambayo wanaoifuata hawaanzi jambo jipya ndani yake. Jumatatu ni sehemu ya pili, Jumamosi ya tatu, Ijumaa ya nne, Jumatano ya tano, Alhamisi ya sita, Jumanne ya saba, Jumapili ya nane. Jedwali lililoenea hudhani kwamba jua huchomoza saa 12 kamili asubuhi na kutua saa 12 kamili jioni, likaweka Rahu Kala ya Jumatatu kati ya saa 1:30 na saa 3:00. Kwa Milimani ya katikati ya Februari, ukifuata kanuni na si jedwali, kipindi hicho ni kati ya saa 2:17 na saa 3:48. Mfanyabiashara anayefungua duka lake jipya saa 3:05 akiamini kipindi kimepita, kwa kanuni aliyoichagua mwenyewe bado yuko katikati yake. Wagujarati wengi hufuata pia chogadia, ambayo nayo hugawa mchana sehemu nane na usiku sehemu nane, ili kuchagua saa ya kufungua biashara au ya ibada ya vitabu vya hesabu wakati wa Diwali, na kosa ni lile lile.

Jedwali hilo lina historia inayostahili kusimuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu tu, si tatu. Kwa saa ile, jua la Nakuru lilichomoza saa 12:02 asubuhi kwa wastani, likipanda na kushuka robo saa hivi kwa majira. Kwa hiyo mwenye duka wa Kihindu wa Nakuru wa zama zile, kizazi kilichofuata reli iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa jasho la maelfu ya vibarua kutoka India, angeweza kutumia jedwali la saa 12 kwa saa 12 na akakaribia ukweli. Baadaye serikali ikasogeza saa mbele, kwanza robo saa, kisha robo nyingine. Jua halikusogea. Jedwali nalo halikusogea. Kilichoondoka ni uhusiano baina yao, na hakuna aliyeambiwa. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu linaondoa lawama kwa wazee. Jedwali waliloachiwa watoto wao lilikuwa karibu na ukweli kwa saa iliyokuwepo. Ni sisi tunaolisoma kwa saa nyingine.

Huenda mtu akafikiri kwamba kudai hesabu ya mahali ni mambo ya kompyuta, jambo jipya lililoletwa na watu wa siku hizi. Sivyo. Vitabu vya kale vya unajimu wa India, Surya Siddhanta kikiwa mojawapo ya vinavyoheshimiwa zaidi, huanza na mstari wa katikati unaopita mji wa Ujjain na kushuka hadi Lanka, mahali pa kimahesabu palipowekwa juu ya ikweta. Hesabu zote hufanywa kwanza kwa mstari huo. Kisha mwanafunzi hufundishwa marekebisho mawili ambayo hawezi kuyaruka: moja la umbali wa mashariki au magharibi kutoka mstari ule, na jingine la umbali wa kaskazini au kusini kutoka ikweta, ambalo hubadilisha urefu wa mchana. Anayetumia hesabu ya Ujjain mahali pasipo Ujjain bila kurekebisha, kwa vitabu hivyo, hajamaliza kazi. Tena Nakuru ina bahati ya pekee hapa. Ikweta inapita kama kilomita 30 tu kaskazini yetu, upande wa Mogotio, ambako alama yake iko kando ya barabara. Marekebisho yale ya pili, ambayo ndiyo magumu, kwetu ni karibu sifuri mwaka mzima. Mchana wa Milimani ni ghati 30 na kitu kidogo, Juni na Desemba, sawasawa na mchana wa ile Lanka ya vitabuni. Ahmedabad mchana huwa wa saa 13 na nusu Juni na chini ya saa 11 Desemba. Ni ajabu basi kwamba watu wanaoishi karibu na ikweta, mahali ambapo hesabu ya kale huwa nyepesi kuliko popote, ndio wanaoagiza saa zao kutoka digrii 23 kaskazini.

Kwa saumu jambo hili linagusa tarehe yenyewe, si dakika tu. Siku hupewa jina la tithi inayokutwa ikiendelea jua linapochomoza. Ekadashi, tithi ya kumi na moja, ambayo wacha Mungu wengi hufunga, hufuata kanuni hiyo, na wafuasi wa Vishnu huongeza sharti kwamba tithi ya kumi isiwe imegusa hata zile dakika 96 kabla ya mawio. Jua la Nakuru huchomoza saa mbili na nusu hivi baada ya la Ahmedabad, huku muda huo ukirefuka na kufupika kwa majira. Ikiwa tithi inaisha ndani ya pengo hilo, yaani baada ya mawio ya Ahmedabad lakini kabla ya mawio ya Nakuru, basi miji hii miwili itaipa siku ile majina mawili tofauti. Hesabu ya kawaida yaonyesha kwamba hilo litatokea kwa siku moja katika kila kumi, kwa makadirio. Ni zaidi ya siku 30 kwa mwaka. Na hata tarehe zikilingana, saa ya kufungua saumu kesho yake hupimwa kwa mawio ya mahali na kwa theluthi ya kwanza ya mchana wa mahali. Jumuiya ya Hare Krishna duniani ilishatambua hili, ndiyo sababu hutoa kalenda ya kila mji kivyake.

Hapa kuna pingamizi ninaloliheshimu kuliko mengine yote. Watasema wengi kwamba dini ni umoja. Familia moja ina bibi Rajkot kule India, mjomba Leicester kule Uingereza, na wajukuu Milimani. Wote wanataka kufunga siku moja na kuwasha taa usiku mmoja. Wengine wana guru au makao makuu ya madhehebu yao huko India, na tarehe inayotoka kule ni agizo. Sina haki ya kumwambia mtu asimfuate guru wake, na agizo la guru ni sababu halali ya kidini. Ninachokataa ni kuliita agizo hilo hesabu. Anayesema “tunafunga kesho kwa sababu makao makuu yamesema” amesema kweli. Anayesema “tunafunga kesho kwa sababu kesho ni Ekadashi Nakuru” na amesoma ukurasa wa Ahmedabad, huyo amesema jambo ambalo huenda si kweli. Zaidi ya hayo, umoja wa saa ile ile haupo hata tukiutaka, kwa kuwa jua linapotua Rajkot, hapa bado ni alasiri ya jua kali. Waislamu wa Nakuru wanalijua hilo kwa maisha yao. Wakati wa Ramadhani hakuna anayefuturu Nakuru kwa adhana ya Mombasa, ambako jua hutangulia kutua kwa dakika kama kumi na nne, na hakuna anayewaona kuwa wamejitenga na umma. Kinachowaunganisha ni kanuni.

Pingamizi la pili limesimama juu ya India yenyewe. Mwaka 1952 serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, ikatoa ripoti yake mwaka 1955, na kalenda ya taifa ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Kamati hiyo ilichagua kituo kimoja cha hesabu kwa nchi nzima, kwenye longitudo 82 na nusu mashariki na latitudo ya Ujjain. Basi, watauliza, kama India yote kubwa imekubali kituo kimoja, kwa nini Wahindu wa Nakuru wasikikubali kituo hicho hicho? Jibu ni kwamba kamati ile ilikuwa ikitatua tatizo la dola: siku za mapumziko, tarehe za barua za serikali, wingi wa kalenda zilizokuwa zikigongana. Na ilisema waziwazi ni wapi inapohesabia. Longitudo ile ndiyo longitudo ya saa rasmi ya India, kwa hiyo kwao kulikuwa na ulinganifu kati ya kalenda na saa ya ukutani. Kenya haina ulinganifu huo. Mfano wa Saha, ukifuatwa kwa roho yake, ungetuambia tuchague kituo cha Kenya na tukitangaze.

Na kituo kimoja cha Kenya kingetosha kwa mambo mengi, hilo nakubali bila kinyongo. Kutoka Mombasa hadi Kisumu tofauti ya jua ni kama dakika 20. Kwa kanuni ya mawio, miji hiyo miwili itatofautiana tarehe ya tithi kama siku tano tu kwa mwaka. Kwa Diwali, ambayo kwa sheria ya Kenya ni siku ya mapumziko kwa wenye imani ya Kihindu, na kwa sherehe zinazohitaji ukumbi, wageni na likizo, tarehe moja ya nchi ni jambo la busara.

Yuko pia anayesema kwamba dakika chache hazina maana, na yeye ana ukweli ndani ya mpaka fulani. Nairobi na Nakuru zinatofautiana kwa dakika 3. Wataalamu wenyewe hawakubaliani kuhusu mawio ni nini hasa: wengine hupima ncha ya juu ya jua inapoonekana, wakihesabu na jinsi hewa inavyopinda mwanga, na wengine hupima katikati ya jua bila kuhesabu hewa. Kwetu karibu na ikweta, tofauti ya mitazamo hiyo miwili ni dakika 3 na sekunde 20, zaidi ya umbali wote wa jua kati ya Nairobi na Nakuru. Kwa hiyo programu ya simu inayokuonyesha Rahu Kala hadi sekunde inajifanya inajua isichokijua. Lakini udhaifu wa dakika 3 hauwezi kuwa kisingizio cha kukosea dakika 47, wala siku nzima.

Mwisho yuko msikilizaji anayeona mambo haya yote ni ushirikina, na anauliza ni kwa nini tupoteze muda kusahihisha saa za Rahu ambaye hayupo. Nami sidai kwamba kipindi cha Rahu humdhuru mtu. Sijaona ushahidi wa hilo. Lakini tusichanganye mambo. Tithi ni pembe kati ya mwezi na jua, inapimika. Mawio yanapimika. Mwenye shaka akishaondoa imani yote katika panchanga, atabaki na kitabu cha astronomia ambacho kwa karne nyingi kiliwafundisha watu wa kawaida kwamba wakati wa mwezi ni mmoja kwa wote na wakati wa jua ni wa kila mahali. Ni somo ambalo mtoto wa shule yoyote ya Nakuru angeweza kulithibitisha kwa kijiti wima uwanjani, akitazama kivuli kifupi zaidi cha mchana kikija saa 6:50 mwezi wa Februari na saa 6:19 mwezi wa Novemba. Na mwenye imani naye ana sababu yake: ikiwa ameamua kumtolea Mungu saumu kwa kanuni fulani, anastahili kujua kanuni hiyo inasema nini mahali alipo.

Ninachopendekeza kwa mahekalu yetu na wachapaji wa Nakuru si kigumu. Kila ukurasa useme juu kabisa umehesabiwa kwa mji gani, na kwa mawio ya aina gani. Nyakati za anga ziwekwe safu moja, zikiwa zimebadilishwa tayari kuwa za Afrika Mashariki. Nyakati za ardhi ziwekwe safu ya pili, zikihesabiwa kwa digrii 36 na dakika 4 mashariki. Msomaji wa Kisumu aongeze dakika tano kwenye safu hiyo ya pili, wa Nairobi apunguze tatu. Wa Mombasa apunguze kumi na nne, kisha akumbuke kwamba latitudo yake ya digrii nne kusini huchelewesha mawio kwa dakika sita au saba mwezi wa Juni, na huyawahisha kwa kiasi hicho hicho mwezi wa Desemba. Safu ya kwanza asiiguse.